Mizani Inapanda, Mapaja Yanaisha

Wiki hii nimeulizwa mara nne: "Daktari, nimekonda mno, kuna dawa gani ya kuongeza mwili?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, siandiki vidonge. Lakini wengi wanaoniuliza huwa wameshameza vya aina moja na wanatafuta vikali zaidi. Swali lenyewe ndilo bovu. Mwili haujazwi kama gunia. Jiulize hivi: katika kilo ulizonazo, misuli ni kiasi gani?

Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya watu wazima 468 waliopigwa picha za MRI mwili mzima. Kwa wastani, misuli inayoshikamana na mifupa, ile tunayotembelea na kubebea mizigo, ilikuwa asilimia 38 ya uzito wa wanaume na karibu asilimia 31 ya uzito wa wanawake. Mizani haioni mgawanyo huo. Mafuta ni kilo, maji ni kilo, misuli ni kilo.

Sasa tuje kwenye vidonge. Ninavyoletewa huwa ndani ya bahasha ndogo ya kaki isiyo na jina la dawa, imeandikwa kwa kalamu tu: asubuhi mbili, jioni mbili. Mara nyingi ni deksamethasoni, pengine imechanganywa na siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa. Muuzaji anasema vinajenga mwili. Ni uongo, na ukweli ni kinyume chake kabisa.

Deksamethasoni ni dawa halali. Imeokoa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, na madaktari huitoa kwa magonjwa mengi mazito. Ni homoni ya kutengenezwa, yenye nguvu takriban mara 25 ya ile ambayo tezi zetu hutoa wakati wa dhiki. Homoni hiyo huuamuru mwili uvunje protini ya misuli, na ini ligeuze mabaki yake kuwa sukari. Papo hapo njaa inapanda, na mafuta yanahamia usoni, shingoni nyuma na tumboni. Mashavu yanajaa, majirani wanasifu, huku mapaja na nyonga vikiliwa kwa ndani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mama mmoja alikuja kwangu akidhani ana tatizo la magoti. Uso ulikuwa wa mviringo, unang'aa. Nikamwomba akunje mikono kifuani, kisha ainuke kwenye kiti. Hakuweza. Akajaribu tena, akainama mbele, akarudi kukaa. Mara ya tatu aliweka viganja juu ya mapaja, akajisukuma taratibu kama anayepanda mlima. Magoti yake hayakuwa na kasoro. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki.

Piga hesabu. Tuchukue mwanamke wa kilo 60 mwenye misuli kilo 18, yaani asilimia 30. Baada ya miezi kadhaa ya vidonge ana kilo 68, lakini misuli imeshuka hadi kilo 17. Sasa ni asilimia 25. Miguu yenye nguvu pungufu inabebeshwa mzigo mkubwa zaidi, kisha tunashangaa kwa nini ngazi zinamshinda! Ongeza juu yake sukari kupanda, shinikizo la damu, mifupa kudhoofu na maambukizi yasiyopona upesi. Huko si kunenepa kwa afya. Ni kuugua kwa kujinunulia.

Na tafadhali, kama umevitumia kwa wiki kadhaa, usivitupe leo kwa ghafla. Tezi zako zimeshazoea kukaa bila kazi, na kuacha ghafla kunaweza kukuangusha, hata kukuua. Nenda hospitali na bahasha yako. Daktari atapunguza dozi hatua kwa hatua.

Nini cha kufanya? Kama umekonda bila sababu, anza na vipimo: kifua kikuu, VVU, kisukari, tezi ya shingo. Ukiwa mzima, jenga misuli kwa njia yake: mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Kaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta. Beba dumu la maji kila mkono utembee nalo. Ukianza kuliona jepesi, ongeza uzito. Kila mlo uwe na protini: maharage, dagaa, mayai, maziwa, samaki, karanga. Lala vya kutosha. Subiri wiki, si siku.

Usiniambie umri umepita. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, waliwafanyisha mazoezi ya uzito wazee dhaifu wa miaka kama 90 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kwa wiki nane tu nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu, na misuli ya mapaja ikakua kwa asilimia 9.

Hakuna kidonge cha bahasha kilichowahi kujenga paja. Kabla hujapanda mizani kesho, kunja mikono kifuani, uinuke kwenye kiti. Ukishindwa, usiende kwa muuza vidonge. Njoo hospitali.