KISUKARI NA MAAMBUKIZO: MWANACHAMA ALAZWAPO HOSPITALI

Mkulima mwenye ugonjwa wa kisukari anapolazwa hospitali, jamaa zake hudhani kwamba adui ni sukari peke yake. Sivyo. Mara nyingi linalomweka kitandani siku nyingi, au kumpotezea mguu na hata maisha, ni maambukizo. Yafaa wanachama waelewe sababu yake.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huleta madhara matatu. Kwanza, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hulegea katika kuua vijidudu. Pili, mishipa ya damu huwa myembamba, hivyo kidonda hakipati damu ya kutosha, na dawa nayo haikifikii barabara. Tatu, mishipa ya fahamu ya miguuni hufa ganzi. Huko Dar es Salaam madaktari wameandika habari za wagonjwa walioumwa miguu na panya usingizini bila kuhisi maumivu.

Nayo maambukizo huipandisha sukari, kwa kuwa mwili unaopigana na ugonjwa hutoa homoni zinazopinga kazi ya insulini. Basi kimoja hukuza kingine. Ndiyo maana wauguzi hupima sukari mara kwa mara. Kwa wagonjwa wengi waliolazwa, shabaha ni kati ya milimoli 7.8 na 10 kwa lita.

Wodini vijidudu hupata njia nyingine: mpira wa mkojo, sindano ya maji mshipani, na jeraha la upasuaji. Kwa hiyo, jamaa wa mgonjwa wazingatie haya:

1. Mgonjwa apokelewapo, semeni mara moja kwamba ana kisukari, na onyesheni dawa anazotumia.
2. Ombeni nyayo zake zitazamwe, hata kama halalamiki.
3. Kila siku ulizeni kwa adabu kama mpira wa mkojo bado unahitajika.
4. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa.
5. Akikosa hamu ya chakula, msimkatize insulini kwa shauri lenu, mwambieni daktari.

Kamati za vyama vya msingi zinaombwa kuyasoma haya katika mikutano ya wanachama. Anayengoja mauzo ya msimu yaishe ndipo apeleke kidonda chake hospitali, huenda akaupoteza mguu ule ule anaoutegemea shambani.