Kuosha magari Port Bell: faida ipo, lakini maji machafu yaende wapi?

Malori yaelekeayo bandari ya Port Bell na viwanda vya Luzira, mashariki mwa Kampala, hujaa vumbi na matope, na kuyaosha ni riziki ya vijana wengi. Kazi huanza kwa mtaji mdogo: ndoo, sabuni, vitambaa na maji. Hata hivyo, malipo mazuri zaidi hutokana na usafi wa ndani: kufyonza vumbi, kusafisha viti, kisha kupaka nta inayolinda rangi ya gari. Kazi hiyo huchukua saa nyingi lakini hutumia maji machache.

Tatizo ni mahali. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinahifadhi eneo la mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Anayejenga humo bila idhini anaweza kuondolewa na kupoteza mtaji wake.

Kanuni hizo zina sababu. Ghuba ya Murchison, inayopakana na Port Bell, huchotwa maji yanayosafishwa Ggaba kwa matumizi ya jiji. Mafuta na sabuni vinavyotiririkia humo hurudi katika gharama ya maji ya kila nyumba, hata ya muoshaji mwenyewe.

Anayeanza na atafute kwanza kiwanja kilicho mbali na ufuo, aweke sakafu ya saruji na shimo la kunasa mafuta na matope, ndipo anunue mashine. Maji yakimwagika hayazoleki. Heri kujua yaendako kabla ya kufungua bomba.