SUPU YA MIGUU NA KIDONDA CHA UFIZI

Muhula uliopita niling'olewa gego. Niliporudi nyumbani, nyanya akamtuma ndugu yangu Dagoretti sokoni, kwenye bucha zilizo karibu na vichinjio, alete miguu ya ng'ombe. "Kunywa supu, kidonda kifunge," akaniambia. Nikajiuliza: je, mguu wa ng'ombe waweza kuponya ufizi wa mtu?

Jibu ni ndiyo na la.

Ngozi, kano na mifupa ya mnyama imejaa protini iitwayo kolajeni, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba. Ufizi wetu pia umeshikiliwa na kamba kama hizo. Ukizichemsha, hufumuka zikawa jelatini. Ndiyo maana supu ya miguu ikipoa huganda! Zikikatwakatwa vipande vifupi, huitwa peptidi.

Madaktari wa meno hutumia kolajeni iliyosafishwa, mara nyingi ya ng'ombe. Huitia kama kipande cha sifongo katika shimo la jino. Damu hugandia hapo, kisha seli za ufizi hutambaa juu yake mithili ya maharagwe kwenye mti. Baada ya muda huyeyuka yenyewe. Nyingine hutoka kwa nguruwe, kwa hivyo mwenye mwiko wa dini na aulize mapema.

Lakini supu haifiki kidondani ikiwa kolajeni. Tumbo huisaga ikawa asidi amino na peptidi fupi, nao mwili huzipeleka utakako. Isitoshe, kusokota kamba mpya kwahitaji vitamini C. Mwaka wa 1747, James Lind, daktari wa meli ya Uingereza, aliwapa machungwa na malimau mabaharia wawili waliougua kiseyeye, ugonjwa unaoozesha fizi. Hao ndio waliopata nafuu upesi kuliko wenzao. Basi mapera na machungwa si mchezo!

Supu niliinywa, ila ikiwa vuguvugu, tena bila mrija. Kwa nini? Lile donge la damu shimoni ndilo plasta ya kwanza. Mwenzetu mmoja alilichokoa kwa njiti ya kiberiti, ati anasafisha. Siku ya tatu alikuwa akilia usiku kucha, mfupa uko wazi!

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, kunywa supu, kula matunda, liache donge, na damu isipokoma mrudie daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua.