Barua Iliyokwama Njiani

Wengi wasimuliao kisa cha Romeo na Juliet, mchezo wa Shakespeare uliopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1597, husema kwamba wapenzi hao waliuawa na uhasama wa jamaa zao. Ni kweli, lakini askari aliyewahi kuingojea barua ya nyumbani ataona na jambo jingine.

Romeo alikuwa amefukuzwa Verona kwa kumwua Tybalt, binamu wa mkewe, naye akakimbilia Mantua. Juliet, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 14, akashurutishwa na baba yake aolewe na mwingine, ilhali amekwisha kufunga ndoa kwa siri. Mtawa Laurence akampa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, kisha akamwandikia Romeo amjie. Mjumbe alikuwa mtawa mwenzake. Kumbe huyo alishukiwa kuwa ameingia nyumba yenye tauni, akafungiwa humo na wakaguzi wa mji. Barua ikarudi kwa mwenyewe. Mtumishi wa Romeo, asiyeijua siri, akatangulia na habari za mazishi.

Yaliyofuata yajulikana: mume akanywa sumu kaburini, mke akaamka, akajichoma kwa jambia la mumewe. Alaumiwe nani? Wakaguzi walitimiza wajibu wao, na mtumishi alisema aliyoyaona.

Asiyetajwa mara nyingi ni mama yake Romeo. Usiku ule ule, kabla hata mwanawe hajapatikana kaburini, yeye alikuwa amekwisha kufa nyumbani kwa majonzi ya kutengwa naye.