Boksi la Mchana Linapita Kombani

Saa moja na nusu asubuhi, njia panda ya Kombani. Matatu za Kwale na Kinango zinashuka kutafuta barabara ya Likoni, makanga wananing'inia mlangoni. Bodaboda imefungwa trei za mayai nyuma, inaelekea Ukunda. Kisha inapita Nissan nyeupe ya watalii, wageni wanne ndani, kila mmoja na bangili ya plastiki mkononi. Kando ya dereva yamepangwa maboksi manne: yai la kuchemsha, ndizi, sambusa, juisi ya pakiti. Safari ni ya Mombasa, Mji wa Kale, na nani atakula faida ya leo imeshaamuliwa jikoni mwa hoteli ya ufukweni, Diani.

Hesabu yenyewe ni hii. Mgeni wa hoteli za ufukweni aghalabu amelipia kila kitu kabla hajapanda ndege: chumba, milo mitatu, hata soda. Bangili ndiyo risiti yake. Akitoka kutembea, hoteli humfungia chakula alichokwisha kulipia, basi atoe pesa nyingine ya biriani kwa sababu gani? Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331 akaandika kwamba watu wake hula zaidi ndizi na samaki. Mgeni wa leo anaila ndizi hiyo hiyo, ila ameibeba kutoka Diani, na ameketi kivulini nje ya Fort Jesus.

Na hiyo Fort Jesus, Ngomeni kwa wenyeji, si mkongwe wa mji. Wareno walianza kuijenga 1593, mji ukiwa umeshafanya biashara na Bara Arabu na India kwa karne kadhaa. Msikiti wa Mandhry, hatua chache tu kutoka hapo, unahesabiwa tangu 1570. Lakini ngome iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, ina geti na tiketi, na kinachouzika kwenye meza ya ziara za hoteli ni kile chenye geti. Vichochoro hupewa saa moja, nusu yake ndani ya duka la vinyago ambako dereva ana kamisheni yake. Simlaumu, madereva wengi ni vibarua wa msimu, na mvua za Mei zikishika hakuna safari.

Zamani kivuko cha Likoni kilikuwa kero yenye faida. Aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi akienda Diani hakuwa na budi kukanyaga kisiwa cha Mombasa, akapanga foleni, akanunua korosho dirishani. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke moja kwa moja mwaka 2024, gari linatoka upande wa uwanja wa ndege, au stesheni ya SGR kule Miritini, likaibukia Kibundani, upande wa kusini, bila kugusa kisiwa. Hoteli za kusini zimeshangilia, na zina haki. Ila Mji wa Kale umeondolewa njiani. Sasa mgeni lazima aamue kuufuata.

Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hazina shida hiyo, maana huko nyumba ya mawe yenyewe ndiyo hoteli. Mgeni akiamka yumo ndani ya historia, na mkate wa kumimina anaununua mlangoni. Gharama yake ni kwamba nyumba nyingi zimetoka mikononi mwa wenyeji, lakini pesa hulala mjini.

Cha ajabu, Diani ina ukale wake palepale. Msikiti wa Kongo, kwenye mlango wa mto Mwachema, ni wa karne ya 14 au 15, paa lake ni la kuba, mibuyu imeuzunguka, na bado watu husali ndani. Mahoteli mengine yako umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo.

Kombani yenyewe inaingia kwenye biashara hii kwa mlango wa nyuma. Kuku, mboga, embe na wahudumu wa zamu ya alfajiri wote hupita hapa. Tatizo ni malipo: hoteli kubwa hutaka risiti, mzigo wa uzito mmoja kila siku, na subira ya wiki kadhaa kabla ya pesa kuingia. Mama wa trei kumi za mayai hawezi kungoja hivyo. Anamuuzia dalali, na faida inabaki kwa dalali.

Saa kumi jioni Nissan ile ile inarudi. Dereva anasimama kununua madafu ya nyumbani kwake. Mgeni mmoja anateremsha kioo, anaonyesha kidole: naye anataka. Muuzaji analikata dafu kwa mapigo matatu ya panga, anampa. Mgeni anapapasa mifuko yote. Shilingi hana, siku zote tano alizokaa hajazihitaji. Dereva analipa.