Giligili Tendaji: Istilahi na Dhana Yake

Kazi ya kuunda istilahi haikamiliki kwa kupata neno linalopendeza sikioni. Hukamilika pale neno linapoibeba dhana barabara. Tuchukue mfano wa teknolojia ya kuzalisha umeme kutokana na joto linalopotea katika moshi wa viwanda na wa injini kubwa za dizeli. Msingi wake ni mzunguko uliopewa jina la mhandisi wa Scotland, W. J. M. Rankine (1820–1872): maji huchemshwa, mvuke huzungusha tabo lenye mapanga, kisha hupozwa ukawa maji tena na kurejeshwa kwa pampu.

Kwa joto la kiwango cha chini, maji hayafai sana. Huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi katika kanieneo ya kawaida ya hewa, na mvuke wake unapotanuka huweza kufanya matone yanayomomonyoa mapanga. Hivyo wahandisi huteua kemikali zenye kaboni. Pentani huchemka kwa nyuzi 36, na mvuke wake hubaki mkavu unapotanuka. Tolueni, inayochemka kwa nyuzi 111 hivi, hufaa joto kali zaidi.

Kemikali hiyo tuiiteje? Tukiiita kimiminika tutapotosha, kwani sehemu ya safari yake huwa mvuke. Neno giligili hujumuisha vimiminika na gesi. Kwa hiyo giligili tendaji ndiyo istilahi inayostahili.

Mzunguko wenyewe nao usiitwe "hai" kwa kuiga "kilimo hai". Sifa inayokusudiwa ni kuwamo kwa kaboni, wala si usalama. Pentani hushika moto upesi. Tolueni hudhuru ikivutwa. R245fa haiwaki kwa urahisi, lakini Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yanayopunguza matumizi ya kemikali za jamii yake hatua kwa hatua, huihesabu kuwa na uwezo wa kuongeza joto duniani mara 1,030 ya ule wa kaboni dioksidi ya uzito sawa.

Hakuna, basi, giligili isiyo na dosari: mhandisi hupima kiwango cha joto, hatari ya moto, sumu na athari kwa tabianchi, kisha huteua. Mwanaisimu naye hana budi kupima. Fundi atakayesoma "hai" katika mwongozo wa mtambo huenda akasogeza moto karibu na pentani. Napendekeza tuseme mzunguko wa Rankine wa kikaboni.