Huduma za Wingu: Unacholipia, na Njia ya Kutoka

Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi katika Mlima Kilimanjaro hadi kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Tangu hapo mwongoza watalii kutoka Marangu aweza kupiga picha akiwa kambini, na kabla hajamaliza chai yake simu ikamwarifu kuwa picha hiyo imehifadhiwa winguni. Asubuhi nyingi, anayesimama Horombo huyaona mawingu yametanda chini yake. Picha yake haikwenda huko. Imeteremka mlimani kwa njia ya mtandao, ikaishia katika diski za kompyuta zilizopangwa ndani ya jengo lenye umeme, mitambo ya kupoza na walinzi, pengine katika nchi nyingine kabisa.

Jengo hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana bei yake. Katika makala hii tunaeleza sifa za huduma za wingu, namna zinavyotozwa, na jambo ambalo watumiaji wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa, yaani gharama ya kutoka.

Wingu ni nini?

Huduma ya wingu ni kukodi uwezo wa kompyuta za mtu mwingine kupitia mtandao badala ya kununua za kwako. Mwezi Septemba 2011 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) ilitoa ufafanuzi unaotumiwa hadi leo katika nchi nyingi. Ufafanuzi huo unataja sifa tano.

Ya kwanza ni kujihudumia. Mtumiaji hujifungulia akaunti na kujiongezea nafasi wakati wowote bila kusubiri mtumishi wa kampuni.

Ya pili ni kufikika kupitia mtandao. Barua pepe uliyoifungua kwenye simu ukiwa Kiboriloni utaikuta ile ile kwenye kompyuta ya ofisini, mjini Moshi.

Ya tatu ni kuchangia rasilimali. Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanaifahamu hali hii kwa mifongo, ile mifereji ya asili iletayo maji kutoka mtoni hadi vihambani. Mfongo ni mmoja, familia ni nyingi, na kila moja hupata maji kwa zamu. Vivyo hivyo, kompyuta moja ya wingu huwahudumia wateja wengi kwa pamoja, kila mmoja akitengewa fungu lake. Tofauti ni kwamba wanaotumia mfongo huufukua wenyewe na hukaa kikao kuamua taratibu zake. Mteja wa wingu hana kikao. Taratibu huandikwa na kampuni, naye hubonyeza "Nakubali."

Ya nne ni kupanuka na kupungua haraka. Kampuni ya utalii hupokea maombi mengi zaidi katika misimu ya kupanda mlima kuliko wakati wa masika. Kwa huduma ya wingu, yaweza kukodi uwezo mkubwa wakati wa msimu na kuupunguza msimu ukiisha, wala haihitaji kununua mitambo itakayolala bila kazi.

Ya tano ni kupimwa. Matumizi huhesabiwa kama maji yanavyohesabiwa na mita. Hapa ndipo ankara inapozaliwa.

Ngazi tatu za ukodishaji

Huduma hizi hutolewa kwa ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza mteja hukodi mitambo mitupu, kama mtu aliyepanga nyumba isiyo na samani. Katika ya pili hukodi mitambo pamoja na vitendea kazi vya kutengenezea programu. Katika ya tatu hupewa programu iliyokamilika: barua pepe, hifadhi ya picha, au programu ya hesabu za duka. Ngazi mbili za mwanzo ni za wataalamu. Mtumiaji wa kawaida hukutana na ya tatu, mara nyingi bila kujua kuwa anatumia wingu.

Namna nne za kutoza

Bure yenye kikomo. Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15, nazo hugawanywa kati ya barua pepe, nyaraka na picha. Apple hutoa gigabaiti 5. Nafasi ya Google ikijaa, picha huacha kuhifadhiwa, na barua pepe nazo huacha kuingia. Aidha, masharti ya bure hubadilika. Hadi Mei 2021, Google ilihifadhi bila kikomo picha zilizopunguzwa ubora. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya huhesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15. Na tangu Desemba 2023, akaunti binafsi ya Google isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Ada ya mwezi au ya mwaka. Hii ndiyo namna iliyoenea zaidi kwa watu binafsi na biashara ndogo. Ada hujirudia yenyewe: usipositisha, utaendelea kukatwa hata kama hukufungua programu mwezi mzima. Tuchukulie mwenye duka katika soko la Mbuyuni amejiunga na programu ya hesabu kwa dola 10 kwa mwezi. Kiasi hicho chaonekana kidogo. Kwa mwaka ni dola 120, na kwa miaka mitatu ni dola 360, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo tangu Julai 2022 watoa huduma za kielektroniki walio nje ya nchi wanapaswa kuitoza kwa wateja walioko Tanzania. Na kwa kuwa bei ni ya dola, shilingi ikishuka thamani ada hupanda bila kampuni kubadilisha chochote.

Lipa kulingana na matumizi. Hutozwi usipotumia, na ukitumia sana hutozwa sana. Wengi huilinganisha na LUKU, lakini ulinganifu huo una kasoro kubwa. Uniti za LUKU zikiisha, taa huzimika, na hasara huishia hapo. Katika wingu la namna hii, huduma mara nyingi huendelea kufanya kazi na deni huendelea kukua hadi ankara ifike mwisho wa mwezi. Biashara inayotumia utaratibu huu iweke kikomo cha matumizi pale kinaporuhusiwa, na tahadhari ya ujumbe kila matumizi yanapofikia kiwango fulani.

Ada nafuu kwa ahadi. Mteja anayekubali kujifunga kwa mwaka mmoja au mitatu hupunguziwa bei. Punguzo hilo ni halisi, ila hutakiwa kulipa hata ukiacha kutumia. Tunashauri usijifunge kabla ya kuitumia huduma kwa miezi kadhaa na kuyajua mahitaji yako.

Gharama isiyoonekana kwenye bei

Bei ya kampuni ya wingu ni sehemu tu ya unacholipa. Sehemu nyingine ni bando. Chukua simu yenye picha 3,000, kila picha ikiwa na megabaiti 4. Jumla ni takriban gigabaiti 12. Kuzipandisha winguni kutakula gigabaiti 12 za kifurushi chako, na siku utakapopoteza simu na kuzirejesha kwenye nyingine, utahitaji gigabaiti 12 tena. Video hula zaidi. Malalamiko ya bando "kuisha lenyewe" yaweza kuwa na chanzo hiki: simu inahifadhi picha kimyakimya kila unapowasha data. Fungua mipangilio ya simu na uchague hifadhi ifanyike kwa Wi-Fi pekee.

Ipo pia gharama ya mtandao kukatika. Microsoft ilifungua vituo vyake vya wingu nchini Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua vya Cape Town mwaka 2020. Hapa nchini kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Kijitonyama, Dar es Salaam. Hata hivyo huduma nyingi tunazotumia ziko ng'ambo, na njia kuu ya kuzifikia ni mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo, duka ambalo hesabu zake zote ziko winguni haliwezi kujua nani anadaiwa. Kwa hiyo, kumbukumbu unazozihitaji kila siku zihifadhi pia mahali pengine: kwenye kompyuta, kwenye flashi, hata katika daftari.

Gharama ya kutoka

Kuingia winguni ni jambo la dakika chache. Kutoka ndiko kunakohitaji maandalizi.

Tuchukulie chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, mahali kama Kibosho au Mwika. Katibu wake ni kijana hodari. Ameacha daftari na kuweka winguni kilo za kila mkulima aliyeleta kahawa, tarehe na malipo ya awali. Akaunti ameifungua kwa namba yake ya simu na nywila anaijua yeye peke yake. Kisha anapata kazi Dodoma, au anaugua, au laini yake inafungwa kwa kutotumika na namba inapewa mtu mwingine. Msimu wa malipo ya pili unafika, na bibi mwenye kihamba cha nusu eka hana cha kuonyesha ila kumbukumbu yake mwenyewe kwamba alipeleka magunia mawili. Hakuna aliyeiba. Chama kililipa ada yote, lakini hakikuwahi kuushika ufunguo.

Hata mwenye ufunguo aweza kukwama. Baadhi ya programu huruhusu kupakua kumbukumbu zako kwa mfumo unaofunguka popote; nyingine huzitoa kwa mfumo unaosomwa na programu hiyo tu. Kampuni nyingi kubwa za wingu hazitozi kuingiza data, ila hutoza kuitoa inapozidi kiasi fulani. Na ukiacha kulipa, hupewa muda maalumu kabla ya kila kitu kufutwa. Muda huo umeandikwa katika masharti, mara nyingi mahali pasiposomwa na wengi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujiunga

1. Nafasi ya bure ni kiasi gani, na ikijaa nini kitatokea?
2. Ada ni ya sarafu gani, hukatwa lini, na inasitishwa vipi?
3. Je, ninaweza kuweka kikomo cha matumizi?
4. Nikitaka kuondoka, nitapataje kumbukumbu zangu, kwa mfumo gani na kwa gharama gani?
5. Nikiacha kulipa, data yangu itakaa siku ngapi kabla ya kufutwa?
6. Nani mwingine anao ufunguo iwapo mimi sipo?

Swali la sita lina majibu rahisi. Kikundi, chama au duka lifungue akaunti kwa barua pepe ya taasisi badala ya ya mtu binafsi. Watu wawili waliokubaliwa na kikao wawe na ruhusa ya kuingia. Kila mwezi nakala ipakuliwe na kuwekwa ofisini. Katika familia, mwambie unayemwamini mahali zilipo picha za wazazi na nyaraka za kiwanja.

Ukipata tatizo

Anza kwa mtoa huduma wako, kwa maandishi, na utunze nakala ya lalamiko pamoja na risiti za makato. Kama tatizo ni bando au mtandao wa simu na hukuridhika na majibu, lifikishe kwetu. Kama linahusu namna taarifa zako au za wateja wako zilivyokusanywa, zilivyotumiwa au zilivyopelekwa nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kupokea malalamiko hayo. Sheria hiyo inakihusu pia chama au duka linalokusanya majina na namba za watu: kuziweka kwenye kompyuta ya kampuni nyingine hakukuondolei wajibu wa kuzilinda.

Hatuwashauri wananchi waogope wingu. Simu huibwa, daftari huloa, nyumba huungua, na nakala iliyo mbali imewaokoa wengi. Tunachoshauri ni kwamba leo, kabla ya kuongeza picha nyingine, ufungue akaunti yako na ujaribu kupakua faili moja tu. Ukishindwa, ni heri umejua sasa.